Muhuri Uliobaki Herufi Moja: Muhtasari wa Stempu Kutoka Busia



Eda ya wifi yangu ilipokwisha nilipanda basi kutoka Mombasa hadi Busia, ili tukae pamoja na warithi tuangalie alichoacha ndugu yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Ndugu yangu aliishi mpakani zaidi ya miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa uwakala wa forodha pale Malaba, ambako malori hupanga foleni kutoka kwenye lango la mpaka hadi jicho lisikoweza kufika, na nyumba yake ilikuwa Busia upande wa Kenya. Nyumba ilijulikana, kipande cha shamba kilijulikana, na madeni aliyaandika mwenyewe kwa mkono wake, jambo lililotupunguzia nusu ya kazi. Hatukuwa tumetazamia masanduku matatu ya viatu juu ya kabati, yaliyojaa bahasha kuukuu. Nyingi zilikuwa na anwani ya marehemu baba yetu, au ya mama yetu kule Mombasa, na nyingine alizinunua ndugu yangu moja moja kwa watu wa pande zote mbili za mpaka.

Mnunuzi mmoja alikuwa amekwisha kumjia wifi. Shauri lake lilikuwa la haraka: stempu ziloweshwe majini zibanduke, zikaushwe juu ya gazeti, naye atazinunua kwa mia moja moja bila kuchagua. Bahasha, alisema, ni za kuwashia jiko. Wifi alikaribia kukubali, kwani ana watoto wawili wadogo na ada ya shule haingoji. Aliyemzuia ni binti yake mkubwa, aliyemaliza chuo cha ualimu mwaka huo. Alimwambia, "Mama, tungoje shangazi afike."

Nilipofika nilikuta ugomvi wa chinichini. Kisheria jambo lilikuwa wazi: bahasha zile ni tirka kama kitu kingine chochote, na ndani yake mna haki ya watoto ambao hawajabaleghe. Mali ya yatima haiuzwi kwa kukisia. Lakini vipi utagawa kitu usichojua thamani yake? Warithi wakubwa wakaridhia kuwa masanduku yakae kwa binti kama amana mwaka mmoja, ayapange, ayapeleke kwenye maonyesho ya mashindano ya stempu ambako wajuzi watayaona, na baada ya hapo ndipo tuzungumzie kuuza au kutouza. Nishani haiwi bei, hilo tulilielewa, ila mkusanyiko uliokwisha kupita mbele ya waamuzi hauuzwi tena kwa mia moja moja.

Inafaa kwanza nieleze kwa nini bahasha ina maana kuliko stempu, hasa kwa watu wa mpakani.

Nchi iliyo leo Busia na Malaba ya Kenya haikuwa daima ya upande huu. Hadi tarehe 1 Aprili 1902 eneo hili lilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Reli iliyotoka kwetu Mombasa ilipofika Kisumu mwezi Desemba 1901, ilifika Uganda. Miezi michache baadaye mkoa ule ukahamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, na mpaka ukawapita watu wakiwa wameketi majumbani mwao. Waluhya na Wateso wakabaki wamegawanyika, ndugu huku na ndugu kule, na hadi leo harusi na maziko huvuka kila wiki. Jina lenyewe la bodaboda, ambalo siku hizi limeenea hata Lamu, asili yake ni baiskeli zilizokuwa zikibeba abiria kutoka boda hadi boda katika miji hii.

Stempu nazo zilifuata siasa hiyo. Uganda ya mwaka 1895 ilikuwa na stempu zilizopigwa taipu na mmisionari Ernest Millar, bei zake zikihesabiwa kwa kauri, simbi zile zile zilizotoka pwani, 200 kwa rupia moja. Kuanzia 1903 zikaja stempu za pamoja za Himaya za Afrika Mashariki na Uganda; 1922 zikawa za Kenya na Uganda; na 1935 Tanganyika ikaingizwa, majina matatu yakakaa juu ya kipande kimoja cha karatasi. Katika toleo hilo la 1935 stempu za senti 5 na senti 50 zina picha ya jahazi katika Ziwa Victoria. Wakusanyaji wanazitenganisha aina mbili kwa jambo ambalo mtoto wa pwani angeliona bila miwani: katika aina moja kamba ya kushoto haikugusa tanga, na katika nyingine imegusa. Mchoraji alisahihishwa. Nilipoonyeshwa nilicheka, maana babu zetu wangemsahihisha kabla hajaanza.

Baada ya uhuru kila nchi ilitoa stempu zake za kila siku, lakini zile za ukumbusho ziliendelea kuwa za pamoja hadi 1976, majina ya nchi yakibadilishana nafasi, mara Kenya mbele, mara Uganda, mara Tanzania. Shirika la posta na simu lilikuwa moja kwa nchi zote tatu, na makao yake makuu yakahamishiwa Kampala chini ya Mkataba wa 1967. Kwa hiyo ukishika stempu hiyo peke yake, imebanduliwa na kuoshwa, huwezi kujua ilitumika wapi. Ilinunuliwa Tanga? Tororo? Kilindini? Kinachosema ni muhuri wa posta, na muhuri hukaa nusu juu ya stempu na nusu juu ya bahasha. Ukiloweka umekata ulimi wa shahidi. Hilo ndilo ambalo mnunuzi yule hakulijua, au alilijua sana.

Sasa tuje kwenye maonyesho. Mashindano ya stempu yana kanuni zake, na nyingi zinatokana na zile za shirikisho la kimataifa la wakusanyaji, FIP, lililoundwa 1926. Kurasa hupangwa ndani ya fremu, kwa kawaida 16 kwa kila fremu. Maonyesho ya dunia hutaka fremu tano au nane kutoka kwa watu waliokwisha kujaribiwa nyumbani. Anayeanza hufaa aanze na fremu moja. Katika tarafa ya historia ya posta alama 100 hugawanywa hivi: mpangilio wa hoja 20, umuhimu wa somo 10, ujuzi na utafiti 35, hali ya vitu 10, uadimu 20, na uzuri wa kurasa 5 tu. Tazama hesabu hiyo. Binti yetu alikuwa ametumia wiki mbili akichagua rangi ya karatasi, yaani akizihangaikia zile alama tano.

Pamoja na kurasa hizo hutakiwa muhtasari, ukurasa mmoja au miwili unaotumwa kwa waamuzi kabla ya maonyesho. Watazamaji hawauoni. Usichanganywe na ukurasa wa utangulizi, ambao umo ndani ya fremu na husomwa na kila apitaye. Muhtasari ni maneno baina yako na mwamuzi: somo lako ni lipi, linaanzia wapi na kuishia wapi, lina uzito gani, umevumbua nini mwenyewe, umesoma nini, na vitu vyako bora viko ukurasa wa ngapi. Mwamuzi husoma akiwa kwake, akajiandaa, kisha siku yenyewe husimama mbele ya fremu yako dakika chache tu. Atakuja kuhakiki ulichomwambia, kama hakimu aliyekwisha kusoma jalada la kesi.

Rasimu ya kwanza ya binti ilikuwa kurasa nne. Ilianza na kauri za 1895, ilhali hatuna hata moja, nayo ni katika stempu adimu za Afrika nzima. Ikapita reli, ikapita vita viwili vya dunia, ikafika mapambano ya wanajeshi wa Kenya na Uganda hapo Busia mwezi Desemba 1987, ikamalizia na kituo cha pamoja cha mpakani kilichozinduliwa na marais wawili Februari 2018. Katikati mlikuwa na maneno kama "mkusanyiko wa pekee ulimwenguni." Nilimuuliza, "Mwanangu, wewe umezunguka ulimwengu lini?" Akanyamaza, kisha akacheka, kisha akakasirika kidogo. Ni mtoto wa kaka yangu kwelikweli.

Usiku ule tulifanya kazi ambayo nadhani ndiyo iliyouokoa muhtasari. Tulitandika mkeka, tukamwaga bahasha zote, tukatenga zile ambazo muhuri wake unasomeka mahali na tarehe. Zilibaki 61. Tulipozipanga kwa miaka, ya mwanzo kabisa ilikuwa na jahazi la senti 5, na zilizokuwa nyingi ni za miaka ya sitini. Hapo somo likajitaja lenyewe: barua zilizopita Busia na Malaba wakati wa stempu za pamoja, 1935 hadi 1976. Hakuna kauri. Hakuna 2018. Bahasha ya Desemba 1987, aliyoipenda sana ndugu yangu, iliyochelewa kufika kwa sababu ya bunduki, nayo ikatoka, kwa kuwa wakati huo stempu za pamoja zilikuwa zimekufa zaidi ya miaka kumi. Wifi alilia kidogo kuiona inarudishwa sandukuni. Sikumlaumu. Lakini muhtasari unaosema 1976 na fremu inayoonyesha 1987 ni kama shahidi anayejipinga mwenyewe mbele ya kadhi.

Kisha tukafika kwenye bahasha ambayo ndiyo sababu ya makala hii.

Ni bahasha ya rangi ya maziwa, imeandikwa kwa mwandiko wa baba yetu, anwani ni sanduku la posta la jirani yetu Mombasa, kwa mama. Stempu yake ni ya toleo la 1969 la vyombo vya majini, yenye meli Umoja iliyobeba mabehewa ya reli ziwani. Muhuri umekaa vizuri juu, BUSIA inasomeka bila shida. Chini, mahali pa jina la nchi, wino umepotea, imebaki herufi moja ya mwisho: A.

Kenya huishia na A. Uganda huishia na A. Na Busia ziko mbili, zimetenganishwa na lango.

Katika familia tulilelewa tukiambiwa kuwa barua ile baba aliitia posta upande wa Uganda. Ndugu yangu aliiandika hivyo kwa penseli kwenye karatasi aliyoifungia, na binti aliiweka katika muhtasari kama johari ya mkusanyiko: barua ya mfanyakazi wa Kenya, kwa mkewe wa Kenya, iliyopitia posta ya Uganda kwa stempu ya nchi tatu. Ni kweli kwamba somo lote lingepata uhai ndani ya bahasha hiyo moja. Ushahidi uko wapi? Nyuma mna muhuri wa kuwasili Mombasa, hausemi ilikotoka. Tuliulinganisha muhuri ule na mihuri mingine ya Busia tuliyonayo, tukapima kipenyo cha duara na unene wa herufi, tukapata inafanana na baadhi ya pande zote mbili. Wanazuoni wa hadithi hawakutosheka na maneno mazuri. Waliuliza umepokea kwa nani, na huyo alipokea kwa nani. Sisi sanad yetu iliishia kwa penseli ya ndugu yangu.

Ushahidi ulikuwepo, nao ulikuwa ndani ya bahasha. Barua yenyewe haikupotea. Baba anaeleza mwanzoni kuwa amevuka asubuhi kwa kazi ya malori, na ataitia posta "huku huku" kabla ya kurudi. Mistari miwili, imekwisha. Binti alifurahi mno. Akataka kuifungua barua ndani ya fremu kando ya bahasha, na muhtasari umwelekeze mwamuzi kwenye mstari wa tatu.

Lakini barua ina kurasa mbili. Mistari inayofuata ni ya mume kwa mke, kuhusu jambo lililoipata nyumba yetu mwaka ule, ambalo mama alilifunika hadi alipofariki na ambalo sisi watoto tulilijua nusu. Sitaliandika hapa. Tulibishana hadi baada ya Isha. Binti alisema, na kwa adabu, kwamba waliohusika wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na kwamba tunaweza kuikunja karatasi isionekane ila juu. Wifi alisema karatasi iliyokunjwa mtu huikunjua. Mimi nilisema sitara ya maiti haipungui kwa kuwa kafa. Kisha nikaona haya, kwa sababu mimi si mwenye mkusanyiko, na alama zilizokuwa zikipotea hazikuwa zangu.

Aliyekata shauri ni binti mwenyewe. Asubuhi, baada ya chai, alileta karatasi mpya. Kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza cha kupeleka. Kwa ruhusa yake nanakili sehemu:

"Somo: barua za kawaida zilizotiwa posta au kupokewa katika miji ya mpakani ya Busia na Malaba, 1935 hadi 1976, wakati stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika, baadaye Tanzania, zilipotumika pande zote mbili. Hoja: katika kipindi hiki stempu haionyeshi nchi, muhuri pekee ndio unaoonyesha mpaka. Kwa hiyo hakuna stempu iliyobanduliwa katika fremu hii. Asili: kurasa 11 kati ya 16 zinatokana na barua za familia moja, zilizohifadhiwa tangu zilipopokelewa. Udhaifu: barua za Malaba ni chache, tatu tu, na hakuna barua ya rejista. Ukurasa wa 12: bahasha ya 1969, muhuri wa Busia, jina la nchi halisomeki. Familia inashika kuwa ni Busia ya Uganda. Ushahidi wake umo katika barua ya faragha isiyoonyeshwa. Mwamuzi anaombwa aihesabu kuwa haijathibitishwa."

Nilipofika kwenye neno "udhaifu" nilimuuliza kama ni busara kujishtaki mwenyewe. Akanijibu, "Shangazi, watasimama pale wataona barua za Malaba ni tatu. Heri walisikie kwangu kwanza." Nimesikia baadaye kutoka kwa mzee mmoja wa Mombasa, mkusanyaji wa siku nyingi, kuwa ndivyo wazoefu wafanyavyo: mwamuzi akiona umetaja mwenyewe pengo lako, huacha kulitafuta, naye hupata nafasi ya kutazama ulichonacho. Mzee huyo aliongeza shauri ambalo mama zetu wenye masanduku ya namna hii walishike: msiloweke, msikate pembe, msibandike kwa gundi wala utepe wa plastiki, na msiandike kwa kalamu ya wino juu ya bahasha. Pwani yetu ina unyevu na chumvi. Bahasha ziwekwe mbali na ukuta, zipepewe mara kwa mara, na mende asipewe makao. Mbali na hayo, andikeni kila bahasha ilitoka kwa nani na mliipata vipi, kwenye karatasi ya pembeni, wangali hai wanaojua.

Katika masanduku ya Lamu na Mombasa huenda kuna zaidi ya haya. Lamu ilikuwa na wakala wa posta wa Kijerumani kuanzia 1888 hadi 1891, na bahasha moja ya kweli ya wakati huo, yenye muhuri unaosomeka, mkusanyaji wa Ulaya angeisafiria. Nani ajuaye ni ngapi zilizowashia majiko.

Muhtasari ulitumwa kwa barua pepe kutoka duka la kompyuta karibu na stendi ya Busia, siku ya Jumatano, pamoja na picha za kurasa zote 16. Majibu hayajafika bado. Barua ya baba ameibeba wifi; ameishonea mfuko wa kitambaa cheupe na kuiweka ndani ya sanduku la Qur'ani zake. Bahasha iko ukurasa wa 12, tupu, na chini yake binti ameandika kwa herufi ndogo: Busia, 1969, nchi haisomeki.